Hapa Hamna, Twende Mbele

Nenda jikoni uniletee kijiko. Si cha mti, wala si cha plastiki. Nataka kile kinachong'aa, kile ambacho hata kikilala ndani ya karai la vyombo usiku kucha hakishiki kutu. Kigeuze. Kitazame nyuma ya mkono wake. Pengine utaona tarakimu zimegongwa pale: 18/10. Hiyo 18 ni kromu. Maana yake, katika kila sehemu 100 za chuma hicho, 18 ni kromu. Na hiyo 10 ni nikeli.

"Mjomba, nikeli ni nini?"

Umeuliza vizuri. Nikeli ni metali ngumu, nyeupe, yenye umanjano wa mbali sana. Ni mmoja wa walinzi wa kijiko chako dhidi ya kutu. Imo ndani ya betri nyingi za magari ya umeme, na ndiyo maana siku hizi inatafutwa kila pembe ya dunia. Na imo chini ya miguu yako, tele, kwa sababu kiini cha dunia yetu ni chuma na nikeli.

"Tele? Basi si tuchimbe tu hapa nyuma ya zizi!"

Ngoja kwanza. Kiini hicho kinaanzia karibu kilomita 2,900 kwenda chini. Unajua shimo refu kuliko yote ambalo binadamu amewahi kutoboa kwenda chini? Liko Kola, kaskazini mwa Urusi. Walitoboa miaka na miaka, wakafika kilomita 12 na kitu kidogo, wakaacha. Ukitoka hapa kwetu Kibirichia, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ukatembea kilomita 12, hata Isiolo hujafika. Kwa hiyo nikeli ya kiini tuiache huko huko. Watu wanatafuta ile kidogo iliyopanda juu.

"Na hiyo iko wapi?"

Hapo ndipo nataka tuteleke nyungu.

Chukua nyungu kubwa ya supu ya mifupa. Imefunikwa, inachemka. Umewahi kuona mafuta yanavyokataa kuchangamana na supu? Yanajikusanya peke yake juu. Sasa tuseme nyungu hii ina mafuta ya ajabu, mazito, yasiyojua kuelea. Yanazama. Yanashuka polepole, na njiani yanazoa vitu vyote vitamu vilivyomo ndani ya supu. Moto ukizimika, supu ikaganda, utamu wote utaukuta umelala kwenye tako la nyungu.

Chini ya ardhi ilitokea hivyo hivyo. Zamani sana, mwamba ulioyeyuka ulipanda kutoka chini. Ulikuwa na nikeli, lakini kidogo kidogo, imetawanyika. Mahali pengine ukakutana na mawe yenye salfa, ile inayokuchoma pua njiti ya kiberiti ikiwashwa. Salfa ikaingia ndani ya mwamba ule wa moto. Ikawa matone mazito. Matone yakazama. Yalipozama yakazoa nikeli, yakazoa shaba, yakazoa kobalti. Kisha kila kitu kikapoa, kikawa jiwe, na nikeli ikabaki imelala mahali pamoja.

Basi kazi ya mtafutaji ni moja tu: kujua kama kuna nyama kwenye tako la nyungu, na nyungu imefunikwa.

"Mbona asifunue tu, mjomba?"

Kwa sababu kifuniko ni mlima, mwanangu.

Na sisi watu wa Kibirichia tunaishi juu ya kifuniko chenyewe. Mlima Kenya ulikuwa volkano. Karibu miaka milioni 3 iliyopita ulikuwa bado unatapika lava, tabaka juu ya tabaka. Udongo huu unaotupa viazi, minji na karoti umetokana na lava hiyo, na hatuna sababu ya kuulalamikia. Lakini lava hiyo imeyafunika mawe yote ya kale yaliyokuwa hapa kabla yake. Mtafutaji wa nikeli akifika kwetu ataangalia huku na huku, atakunywa chai, atajifunga sweta vizuri, kisha atasema: "Hapa hamna, twende mbele." Pengine kweli hamna. Pengine imo, ila iko chini mno. Kwa mfuko wake, yote mawili ni mamoja.

Na mbele ni wapi? Mbele ni kaskazini. Asubuhi ambayo ukungu umeondoka, tazama kule chini ardhi inakoteremka na kuwa ya kijivu. Shuka hadi Subuiga, shika barabara ya Isiolo. Bado utaona mawe meusi ya lava kando ya njia. Vuka Isiolo. Ukifika Archer's Post, pale kwenye mto Ewaso Ng'iro, kifuniko kimeanza kuisha. Songa tena kidogo. Ule mlima mkubwa wenye kipara, Ololokwe, si lava. Ni jiwe la kale, la umri wa mamia ya mamilioni ya miaka. Mlima Kenya ni mtoto mdogo mbele yake, ingawa kwa urefu Mlima Kenya haupati mpinzani nchi hii.

Kuanzia hapo, ukipita Samburu na Marsabit hadi karibu na Moyale, kuna sehemu nyingi ambako mawe ya kale yamelala wazi juani. Si kila mahali. Mlima Marsabit nao ulikuwa volkano, kwa hiyo huko ni kifuniko kingine. Lakini penye uwazi pana mambo. Karibu na Baragoi, kwa mfano, kuna mawe ya kijani kibichi yaliyokolea, mengine yanateleza ukiyashika. Wanajiolojia waliyachunguza wakasema: haya ni mabaki ya sakafu ya bahari.

"Baragoi? Bahari? Mjomba, leo unanidanganya."

Sikudanganyi. Zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita palikuwa na bahari katikati ya mabara mawili. Mabara yakasogeleana. Bahari ikabanwa, ikabanwa, mpaka ikafungika, na vipande vya sakafu yake vikasukumwa juu ya nchi kavu. Vingine viko Baragoi. Vingine viko Sekerr, kule Pokot Magharibi, na vingine upande wa Moyale.

"Basi samaki walikuwako?"

Hapana. Wakati huo samaki walikuwa bado hawajatokea duniani. Lakini hilo ni swali la mtu anayefikiri, na nimelipenda.

Sasa sikia jambo ambalo hata watu wazima hulikosea. Mawe yale ya kijani yana nikeli. Kweli kabisa. Ukichukua kilo 100 za mawe ya namna hiyo, kwa kawaida utapata kama gramu 200 za nikeli. Mtu akisikia hivyo anakimbia mjini kuwaambia wenzake tumekuwa matajiri. Hatujawa. Mgodi mzuri wa nikeli iliyozama na salfa huwa na kilo 2 au hivi ndani ya kilo zile zile 100. Kumi kwa moja! Kuwa na nikeli si kuwa na mgodi. Mtafutaji hatafuti mahali penye nikeli. Anatafuta mahali ambapo nikeli ilijikusanya.

"Atapajuaje?"

Wewe ukitaka kujua kilicho ndani ya nyungu iliyofunikwa, unafanya nini? Kwanza unaigonga kwa nje usikie inavyolia. Kisha unanusa mvuke. Mwisho, mama akigeuka upande wa pili, unatumbukiza mwiko. Usikatae, nimekuona. Watafutaji nao hufanya hayo hayo, kwa mpango huo huo.

Kugonga hufanywa na ndege. Miaka michache iliyopita serikali yetu ilirusha ndege za kupima madini nchi nzima. Ndege ya namna hiyo haiendi juu mawinguni. Inaruka chini chini, inafuata mstari ulionyooka, inageuka, inarudi kwa mstari mwingine kando ya ule wa kwanza. Mbuzi wanatawanyika, mchungaji anashangaa. Mara nyingi mkiani pamefungwa mti mrefu, na ndani ya mti huo kuna chombo cha kupima nguvu ya sumaku inayotoka kwenye mawe. Chombo kingine kinapima miali hafifu ya potasiamu, urani na thori, isiyoonekana kwa macho.

Lakini kumbuka hili: ndege haioni nikeli. Inachosema ni kwamba mawe ya hapa yanalia tofauti na mawe ya pale. Basi. Mwaka 2023 wizara ya madini ilitangaza kwamba kumeonekana dalili za madini mahali 970 katika kaunti zote 47. Magazeti yakapiga kelele. Mimi nikasema, sawa, nyungu 970 zimegongwa. Sasa nani atakwenda kunusa?

Kunusa ni kazi ya miguu. Hapa ndipo kaskazini inapomwonyesha mtu yeye ni nani. Watu wanapangwa kwa mstari. Kila baada ya mita 100, au 50, wanasimama. Mmoja anachimba kishimo cha kuingia mkono hadi kwenye kiwiko. Mwingine anachekecha udongo. Wa tatu anaujaza kwenye mfuko mdogo wa karatasi ngumu, anaandika namba kwa kalamu isiyofutika, na anaandika namba hiyo hiyo kwenye daftari pamoja na mahali walipo. Wanasonga. Kishimo kingine. Mfuko mwingine. Namba nyingine. Jua la Laisamis linachoma hadi udongo wenyewe unaunguza kiganja. Miiba inashika shati na haiachi. Maji yako kwenye mtungi, na mtungi uko kwenye gari, na gari limeachwa mbali kwa sababu hakuna njia. Jioni mifuko inapangwa, inahesabiwa. Baadaye inasafirishwa hadi maabara, na huko inapimwa kila mfuko una nikeli kiasi gani, shaba kiasi gani, kobalti kiasi gani.

Matokeo yakirudi, mara nyingi yanasema maneno yale yale: Hapa hamna, twende mbele.

Ila watafutaji wana rafiki mmoja mdogo sana. Hana miguu mirefu, hana gari, na wengi wetu hatumpendi kwa sababu anakula milango yetu. Leo nimempa nafasi ajieleze.

"Mimi ni mchwa," anasema. "Ninakaa nje ya Merille, kwenye kichuguu kirefu kukupita wewe. Watu wanasema mimi ni mharibifu. Hawajui kazi yangu. Juu hapa ni pakavu, na mimi ngozi yangu haivumilii ukavu. Kwa hiyo ninashuka. Ninashuka, ninashuka, mpaka nifikie udongo wenye unyevu. Ninauchukua kwa mdomo, chembe moja. Ninapanda. Ninaubandika kwenye ukuta wa nyumba yangu. Ninashuka tena. Wakubwa zangu walifanya hivyo, na wadogo zangu watafanya hivyo. Siku moja akaja mtu mwenye nyundo. Akavunja kipande cha kichuguu changu, akakitia kwenye mfuko, akaandika namba. Nikakasirika. Kisha nikamsikia akimwambia mwenzake: huyu ametuchimbia shimo bure. Hasira ikaniisha kidogo. Laiti angesema asante."

"Mjomba, mchwa kweli wamewahi kusaidia kupata madini?"

Kweli. Kule Botswana kuna mgodi wa almasi unaoitwa Jwaneng, mmoja wa migodi tajiri kuliko yote duniani. Almasi ile ilikuwa imefunikwa na makumi ya mita ya mchanga wa Kalahari. Juu hapakuonekana kitu. Lakini mchwa walikuwa wamepandisha chembe ndogo za madini yanayoandamana na almasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafutaji waliziona chembe hizo juu ya mchanga, wakajua wasiende mbali zaidi.

Kuna pua nyingine, nayo ni kutu. Nikeli iliyozama na salfa haiko peke yake, iko na chuma kingi. Jiwe hilo likitokeza nje, hewa na mvua vinalishambulia, na kilima kinashika kutu. Kinakuwa chekundu na hudhurungi, kinamomonyoka ovyo. Mambo ya dunia yanachekesha: nikeli inakilinda kijiko chako kisishike kutu, halafu yenyewe inajulikana iliko kwa sababu ya kutu.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kaskazini nyingine, mbali na yetu. Kule Kanada kuna eneo linaloitwa Labrador. Kaskazini yetu ni jua na miiba. Kaskazini yao ni theluji na mbu. Mwezi wa Septemba 1993 wanaume wawili, Albert Chislett na Chris Verbiski, walikuwa huko wakitafuta almasi. Hawakuwa na habari na nikeli. Wakakiona kilima chenye kutu karibu na ghuba inayoitwa Voisey's Bay. Wakavunja kipande. Ndani kikang'aa njano ya shaba. Chini yake palikuwa na nikeli, shaba na kobalti kwa wingi wa kutisha. Miaka mitatu baadaye kampuni kubwa ikainunua hazina hiyo kwa mabilioni ya dola.

"Walikuwa na bahati!"

Walikuwa na bahati, ndiyo. Lakini bahati ile ilimkuta mtu aliyekuwa tayari yuko nje, nyundo mkononi, mbali na nyumbani. Na tazama: mgodi wenyewe ulianza kutoa mali mwaka 2005. Hapo katikati wenyeji wa eneo lile, Wainuit na Wainnu, walisema hakuna kuchimba mpaka tuelewane. Mikataba yao ikakamilika mwaka 2002. Mimi nawaona walikuwa werevu.

Sasa tumefika kwenye mwiko.

Ndege imegonga, udongo umenuswa, na mahali pamoja kati ya mamia panaonekana panafaa. Sasa inaletwa mashine ya kuchoronga. Ni bomba refu la chuma linalozunguka, na ncha yake imewekwa punje za almasi, kwa sababu almasi inakata jiwe lolote. Katikati bomba ni tupu. Likiteremka, jiwe linaingia ndani yake, na likipandishwa linatoka kipande kirefu cha mviringo, unene wa kifundo cha mkono wako. Vipande vinapangwa kwenye trei kwa utaratibu, cha mita ya 1, cha mita ya 2, hadi cha mita ya 400 au zaidi. Mwanajiolojia anapiga magoti. Anakimwagia maji aone rangi. Maji yakiwa mbali, anakilamba.

"Analamba jiwe?"

Analamba. Ukitaka kazi hiyo usiwe na kinyaa. Kisha anatoa sumaku mfukoni, anaigusisha kwenye jiwe. Madini mengi yanayofuatana na nikeli huvuta sumaku. Ikinasa, moyo unamruka. Isiponasa, anaandika, anafunga daftari.

Mashine hii inakunywa maji mengi, kila siku, kwa ajili ya kupooza ile ncha. Nalisema hili kwa sababu mahali ambapo akina mama wanaamka alfajiri kufuata maji kwa punda, mtu wa kwanza kuulizwa kuhusu kuchoronga anapaswa kuwa yule mama mwenye punda. Na shimo moja halitoshi. Ukitumbukiza mwiko mara moja ukakosa nyama, pengine umepiga upande. Kwa hiyo wanatoboa jingine, na jingine. Kila moja linakula pesa nyingi. Na mara nyingi, baada ya yote hayo, mkubwa wao anasimama, anajifuta jasho, na anasema... sema wewe.

"Hapa hamna, twende mbele!"

Naam.

"Lakini mjomba, hapa kwetu Afrika Mashariki hakuna aliyewahi kupata?"

Yuko aliyepata. Vuka mpaka uingie Tanzania, nenda hadi magharibi kabisa, mkoa wa Kagera, wilaya ya Ngara, karibu na mpaka wa Burundi. Pale panaitwa Kabanga. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa mradi wa Umoja wa Mataifa waliipata nikeli huko. Na si ile ya gramu 200. Ni ile ya kilo 2, pamoja na shaba na kobalti. Ni moja ya hazina kubwa duniani za nikeli ya aina hiyo ambazo bado hazijachimbwa.

Unadhani walianza kuchimba kesho yake? Kampuni moja ikaja, ikatoboa, ikaondoka. Ikaja nyingine. Bei ya nikeli ikapanda, wakarudi mbio. Bei ikashuka, wakafunga mahema. Mwaka 2018 leseni zikafutwa. Mwezi wa Januari 2021 serikali ya Tanzania ikatia saini mkataba mpya, ikaundwa kampuni ya Tembo Nickel, na serikali ikachukua hisa 16 katika kila 100. Ukiyaunganisha mashimo yote waliyotoboa Kabanga tangu mwanzo yakawa shimo moja, ni zaidi ya kilomita 600. Ungetoka hapa Kibirichia, ukapita Nairobi, ukapita Voi, na bado bomba lingekuwa linaendelea. Na hadi mwaka 2025 mgodi wenyewe ulikuwa bado haujaanza kutoa nikeli. Aliyezaliwa mwaka wa kwanza wa utafutaji ule, leo ana mvi.

"Sasa wakipata kule Samburu, nikeli itakuwa ya nani? Ya yule mwenye mashine?"

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote ya leo, na limetoka kwa aliye mdogo kuliko wote. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inasema madini yaliyo ardhini ni mali ya Jamhuri, na serikali inayashika kwa niaba yetu sote. Si ya mwenye mashine. Wala si ya mwenye shamba peke yake. Ndiyo, hata yakipatikana chini ya zizi letu. Lakini mtafutaji haruhusiwi kuingia kwenye shamba la mtu, au ardhi ya jamii, na kuanza kutoboa tu. Lazima awe na leseni, na lazima apate idhini ya wenyewe. Na mgodi ukianza, mrabaha, yaani fungu ambalo mchimbaji analilipa serikali, unagawanywa: 70 katika kila 100 unakwenda serikali ya kitaifa, 20 kaunti, na 10 jamii ya mahali pale.

Hiyo 10 mimi naiona ndogo. Lakini hata ndogo haiji kwa anayelala. Inamfuata anayejua kuiuliza.

Na watu wasipofuata sheria? Tumeona. Kule Hillo, eneo la Dabel, Moyale, watu waligundua dhahabu wakamiminika kutoka kila upande, kila mtu na sururu yake. Wakagombana hadi damu ikamwagika. Mwezi wa Machi 2024 serikali ikayafunga machimbo. Wengine wakaingia kwa siri, na mwezi wa Mei mwaka huo shimo likaporomoka likaua watu. Ukikuta shimo lililoachwa, usiingie. Hata rafiki yako akikuita mwoga, usiingie. Atakuita mwoga ukiwa hai.

"Mjomba, mimi nikikua nataka kutafuta nikeli."

Kwa nini ungoje ukue? Mvua ikiisha kunyesha, chukua sumaku, ile iliyotolewa kwenye spika iliyoharibika. Ifunge kwenye kimfuko cha nailoni. Iburute kwenye mchanga ulioachwa na maji kando ya barabara. Itajaa vumbi jeusi lenye manyoya manyoya. Hiyo si nikeli, ni madini ya chuma kutoka kwenye lava ya Mlima Kenya. Lakini utakuwa umefanya kile ambacho watafutaji hufanya: umeuliza ardhi swali, na ardhi imekujibu.

Kisha anza daftari. Ukiokota jiwe lolote linalokushangaza, zito kupita umbo lake, au lenye kutu, au la kijani, andika siku hiyo hiyo: umeliokota wapi, lilikuwa mtoni au juu ya kilima, lilikuwa peke yake au mengi. Bandika namba juu ya jiwe, na namba hiyo hiyo daftarini. Jiwe lisilojulikana lilikotoka halimsaidii mwanajiolojia yeyote, hata liwe zuri namna gani. Na ukipata la kukusumbua usingizi, mwambie mwalimu wako wa sayansi. Ofisi za wanajiolojia wa serikali ziko Nairobi, jengo la Madini House, Barabara ya Machakos, eneo la Viwandani. Nenda na daftari.